Bror wa Ngong: Mswidi aliyecheza kamari na kahawa, bili wakalipa wengine

Siku moja ukiwa na nauli ya ziada, panda matatu ya kwenda Karen kutoka katikati ya jiji la Nairobi, ukae dirishani. Ukishafika utaona ua mrefu, halafu ua mwingine, halafu geti la chuma na askari amekalia kiti cha plastiki. Nyumba zenyewe huzioni. Unaona miti tu.

Mimi na wewe hatuna ploti huko, tuseme ukweli. Lakini kuna hadithi ya jinsi hiyo ardhi ilivyogeuka kuwa mtaa wa matajiri, na inaanza na kijana mmoja wa miaka 27 aliyekuja hapa na pesa za wakwe zake, akapanda zao ambalo udongo ulilikataa.

Jina lake Bror Blixen. Kwa Kiswidi, neno bror ni kaka. Yaani huyu jamaa aliitwa bro na dunia nzima miaka mingi kabla yetu kuanza kuitana hivyo kwa stendi.

Nakuandikia nikiwa Asumbi, Kaunti ya Homa Bay, nyumbani kwa dana yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi huku na mpango mkali wa kilimo niliousoma kwa simu. Nyanya. Miezi mitatu unavuna, miezi minne unanunua pikipiki. Dana aliuza mtamba wake mmoja akanipa mtaji. Mwisho wa hiyo stori nitakupa baadaye. Kwa sasa jua tu kwamba nilipoanza kusoma habari za Bror, nilijiona ndani yake, na sikufurahia.

Tuanzie mbali kidogo. Unapofikiria Mswidi leo, unafikiria mtu mwenye pesa, nchi safi, serikali inayolipa masomo. Karne ya 19 haikuwa hivyo. Uswidi ilikuwa nchi ya mashamba madogo yenye mawe, na mwishoni mwa miaka ya 1860 njaa iliwakumba vibaya. Watu wakaanza kuondoka. Hadi kufikia miaka ya 1920, zaidi ya Waswidi milioni moja walikuwa wamevuka bahari kwenda Marekani, wengi wakaishia Minnesota na majimbo jirani. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka wa 1862 iliyompa mtu ekari 160 akikubali kujenga, kuishi hapo na kulima miaka mitano. Ardhi hiyo nayo ilikuwa na wenyewe, Wahindi Wekundu waliofukuzwa kabla au baada ya mgeni kufika. Lakini yule mkulima wa Kiswidi angalau alishika jembe mwenyewe. Mkono ukivimba, ni wake.

Bror hakuwa wa kundi hilo. Yeye alizaliwa tarehe 25 Julai 1886 katika jumba la Näsbyholm, mkoa wa Skåne, kusini mwa Uswidi. Baba yake alikuwa baroni, na yeye pia akaitwa baroni. Alizaliwa pacha, na mwenzake aliitwa Hans. Alisomea kilimo katika chuo cha Alnarp, kwa hivyo usidhani alikuja hapa bila kujua ng'ombe ana miguu mingapi. Alijua kilimo. Kilimo cha kwao.

Mwaka wa 1912 akamchumbia Karen Dinesen, Mdenmaki, binamu yake wa mbali. Hapa kuna kauchungu kidogo: Karen alikuwa amempenda Hans kwanza, na Hans hakujali. Akamkubali Bror. Wote wawili walikuwa na kiu ya kutoka kwao. Mpango wa kwanza ulikuwa mpira huko Malaya. Kisha mjomba mmoja akarudi kutoka kuwinda Afrika Mashariki, akawasimulia nchi yenye hewa nzuri na ardhi isiyoisha. Mpango ukabadilika mezani. Unajua jinsi hiyo hutokea. Mtu mmoja aliyetembea wiki chache anakuja na stori, na kesho yake umeshapiga hesabu ya faida.

Pesa zilitoka kwa familia ya Karen. Weka hilo akilini, kwa sababu ndilo linaloendesha hadithi yote.

Bror alitangulia mwaka wa 1913. Makubaliano yalikuwa anunue shamba la ekari kama 700 la kufuga ng'ombe. Shamba la wastani, kazi anayoielewa. Lakini alipofika Nairobi akakuta kila mzungu hotelini anazungumza jambo moja, kahawa. Ng'ombe wakaonekana mambo ya washamba. Akaachana na lile shamba, akanunua kampuni ya kahawa ya Mswidi mwenzake, Åke Sjögren, yenye ekari zipatazo 4,500 karibu na Nairobi. Kutoka 700 hadi 4,500, na hajapanda hata mche mmoja.

Karen alifuata kwa meli iliyoitwa Admiral. Ndani ya meli hiyo akafanya urafiki na afisa wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, ambaye miezi michache baadaye angeongoza vita dhidi ya Waingereza katika Afrika Mashariki. Tarehe 14 Januari 1914, Bror na Karen wakafunga ndoa Mombasa, shahidi wao akiwa mwanamfalme Wilhelm wa Uswidi. Kisha wakapanda treni kwenda bara. Harusi ya kishua, reli mpya, shamba kubwa. Picha ingekuwa kwa kila simu.

Sasa nikuulize, hiyo ardhi ilitoka wapi?

Chini ya vilima vya Ngong Wamaasai walichunga, na Wakikuyu walilima pembezoni na kuelekea Dagoretti. Waingereza walipofika wakaitangaza kuwa ardhi ya mfalme wao. Mikataba ya 1904 na 1911 ikawasukuma Wamaasai kwenye hifadhi, na sheria ya mwaka wa 1915 ikamwezesha mlowezi kukodi ardhi kwa miaka 999. Miaka 999, ndugu yangu! Wakikuyu waliokuwa wakiishi mahali fulani kabla ya shamba kuja, wakaamka wakaambiwa wao ni maskwota. Kuishi na kulima kipande chao wakaruhusiwa, lakini kwa malipo ya kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kila mwaka. Nusu ya mwaka, basi, kulipia kukaa ulipokuwa unakaa.

Na wakati Bror anapanda kahawa, Mwafrika hakuruhusiwa kuilima kwa biashara. Huku upande wetu, ukitoka Asumbi ukapanda kuelekea milima ya Kisii, udongo ni mwekundu, mvua haikosi, na kahawa inakubali vizuri tu. Lakini hadi miaka ya 1930 ndipo serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaruhusu Waafrika wachache kuipanda kwa majaribio, Kisii ikiwa kati ya sehemu za kwanza. Kwa hivyo walioishi kwenye udongo unaofaa walikatazwa, na aliyeruhusiwa akaipanda kwenye udongo usiofaa. Ukitaka kuuelewa ukoloni kwa sentensi moja, chukua hiyo.

Agosti 1914 vita vikaanza. Waswidi walishukiwa kuwa upande wa Mjerumani, na Karen mwenyewe alikuwa na rafiki adui. Bror akajiunga na kikosi cha Lord Delamere, kazi yao ikiwa kupeleleza na kupeleka habari mpakani na Tanganyika ya Wajerumani. Alikuwa na moyo, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Alitembea umbali ambao watu wengine wangelia, akalala porini bila kulalamika.

Lakini vita hivyo huku kwetu vina sura nyingine. Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Kisii, si mbali na hapa nilipokaa. Halafu vijana wa Nyanza Kusini wakachukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi. Mtaa wa Kariokor Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam majina yao yametokana na kikosi hicho cha wapagazi. Wengi hawakurudi, na wengi waliokufa hawakuuawa na risasi bali na kuhara, malaria na njaa. Bror alitoka vitani na stori za kusimulia. Kuna boma nyingi huku ambazo hazikupata hata stori.

Turudi shambani. Mwaka wa 1916 jamaa za Karen wakaongeza pesa, ikaundwa kampuni ya Karen Coffee, mwenyekiti akiwa mjomba wa Karen, Aage Westenholz. Shamba likafika ekari 6,000 hivi, kahawa ikiwa kwenye ekari kama 600. Wakahamia ile nyumba ya mawe iliyojengwa na Sjögren mwaka wa 1912, ambayo leo ndiyo makumbusho. Karatasini kila kitu kilikuwa sawa.

Kahawa ina tabia moja: haina haraka. Unapanda mche leo, unasubiri miaka mitatu au minne kabla ya kuona mavuno ya maana. Miaka yote hiyo unapalilia, unakata matawi, unalipa watu, na hujaingiza senti. Ndiyo maana mwenye kahawa lazima awe na uhakika na mahali alipoipanda, kwa kuwa akijua amekosea, tayari ni miaka minne imeenda.

Na Bror alikosea mahali. Ngong iko juu sana, usiku baridi inauma, na mvua yake huja ikitaka. Udongo wenyewe una asidi nyingi kwa kahawa. Mwendo mfupi kutoka hapo, Kiambu na Thika, watu walivuna vizuri. Kwake miti ilichanua, watu wakafurahi, kisha mvua ikakatika na matunda yakawa machache.

Ongeza na siasa za pesa. Mwaka wa 1920 serikali ilibadilisha thamani ya rupia, ikapanda kutoka shilingi moja na peni nne za Kiingereza hadi shilingi mbili. Inaonekana jambo dogo, lakini mlowezi aliyekuwa na deni la rupia alijikuta deni hilo limepanda kwa nusu ukilihesabu kwa pauni, na kahawa yake aliiuza London kwa pauni. Papo hapo bei za mazao duniani zikaporomoka. Walowezi wengi walianguka mwaka huo, si Bror peke yake.

Kwa hivyo si haki kumtwika kila kitu. Udongo, mvua, bei na rupia havikuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa kwamba mambo yakiwa magumu, hakuwa shambani. Alikuwa porini akiwinda, au mjini akinywa na marafiki. Bror alipendwa sana, watu wote wanakubaliana hapo. Alikuwa mcheshi, hana kinyongo, akiwa na pesa kila mtu ana pesa. Shida ni kwamba pesa hazikuwa zake. Alikopa hapa akalipe pale, wadai wakaanza kumtafuta, na yeye akajifunza njia za kukwepa. Unamjua mtu wa hivyo. Pengine uko naye kwa grupu moja ya WhatsApp.

Nyumbani pia kulikuwa na majeraha. Mwaka wa kwanza tu wa ndoa Karen aliugua kaswende, na waandishi wengi wa maisha yao wanasema aliipata kwa mumewe, ambaye hakuficha mambo yake ya wanawake. Dawa ya wakati huo ilikuwa zebaki na arseniki, sumu zote mbili. Karen aliishi na maumivu maisha yake yote.

Mwaka wa 1921 Westenholz akasema imetosha. Bror akaondolewa umeneja, Karen akaachiwa shamba kwa sharti kwamba mumewe asiliguse tena. Mwaka huohuo wakatengana, na talaka ikakamilika 1925. Pacha wake, Hans, alikuwa ameshakufa kwa ajali ya ndege mwaka wa 1917. Bror alikuwa na miaka 35, hana shamba, hana mke, hana salio.

Na hapa ndipo maisha yake yanapopata mwanga, ajabu ya Mungu. Kile kitu kilichomharibia shamba ndicho alichokiweza kuliko watu wote. Aligeuka mwindaji wa kulipwa, mtu wa kuwapeleka matajiri porini. Mwaka wa 1928 yeye na Denys Finch Hatton walimpeleka mwana wa mfalme wa Uingereza, yule aliyekuja kuwa Edward wa Nane, kuwinda. Finch Hatton huyohuyo alikuwa mpenzi wa Karen, na bado wanaume hao wawili waliendelea kuwa marafiki. Mwandishi Ernest Hemingway naye alipokuja miaka ya 1933 na 1934 akawa rafiki yake. Rubani Beryl Markham alikuwa akiruka na ndege kumtafutia makundi ya tembo kutoka angani, akamwandika baadaye kwenye kitabu chake. Kwa muda Bror alisimamia shamba la mtu karibu na Babati, Tanganyika. Mwaka wa 1936 akachapisha kitabu chake mwenyewe kwa Kiswidi, na jina lake, usicheke, ni Nyama.

Alioa tena mwaka wa 1928, wakaachana. Akaoa mara ya tatu mwaka wa 1936, Mswidi mwenzake Eva Dickson, dereva wa mashindano aliyevuka Sahara kwa gari. Eva alikufa kwa ajali ya gari karibu na Baghdad mwaka wa 1938. Mwaka huo Bror akaondoka Kenya. Alirudi kwao, na tarehe 4 Machi 1946 naye akafa kwa ajali ya gari, Uswidi, akiwa na miaka 59. Hakuacha shamba. Aliacha marafiki na madeni.

Ungedhani hadithi imeisha. Bado bili haijaletwa mezani.

Karen alibaki Ngong akipigana na ile miti kwa miaka kumi mingine. Kiwanda cha kahawa kiliteketea mwaka wa 1923. Ukame ukaja, bei ya dunia ikaanguka tena baada ya 1929. Mwaka wa 1931 kampuni ikauza ardhi kwa mfanyabiashara aliyeamua kuikata ploti za makazi ya wazungu. Mwaka huo Finch Hatton akafa kwa ajali ya ndege Voi. Karen akafunga virago akarudi Denmark, akaandika kitabu mwaka wa 1937 kilichompa umaarufu, na filamu yake ya 1985 ikazoa tuzo saba za Oscar. Jina la kampuni likabaki kuwa jina la mtaa.

Na maskwota? Wao waliambiwa watoke. Hawakuwa wameazima pesa kwa mtu. Hawakuchagua kahawa badala ya ng'ombe. Walitoa siku zao 180 kila mwaka, na shamba lilipokufa, hawakuwa na hata kipande cha kuonyesha. Kabla ya kuondoka, Karen alizunguka ofisi za serikali akiomba wasitawanywe, hadi wakakubaliwa kuhamia pamoja kwenye sehemu ya hifadhi ya msitu wa Dagoretti. Hilo lilikuwa jema, na tumpe haki yake. Lakini fikiria: jema kubwa walilotendewa watu hao lilikuwa kuruhusiwa kuhamishwa wakiwa pamoja.

Ndiyo sababu nikasema nilijiona. Si kwa ubaroni, mimi hata pikipiki sina. Ni ile hesabu. Bror aliposhindwa, alinyanyuka akaenda porini akaanza maisha mapya, hata akawa maarufu. Hasara ilibaki kwa waliomwamini na kwa waliokuwa na ardhi kabla yake. Tunapenda kusema hasla ni kuthubutu, na kweli ni kuthubutu. Ila kabla hujathubutu, uliza mtamba unaouzwa ni wa nani.

Nyanya zangu zilinyauka wiki ya saba. Majani yalilegea mchana, usiku yakasimama, nikadhani ni kiu tu. Nikamwagilia zaidi. Ndani ya siku kumi shamba lote lilikuwa limelala chini. Dana alikuja, akang'oa shina moja, akalikata, akanionyesha ndani lilivyokuwa la kahawia. Akaniambia kipande kile kimekuwa hivyo tangu babu yangu akiwa hai, chochote cha jamii ya nyanya hakidumu pale, ndiyo maana yeye hupanda njugu na viazi vitamu. Nikamuuliza mbona hukuniambia. Akanitazama tu. Ni kweli, sikuwa nimemuuliza.

Sasa hivi nimeshika jembe, napalilia njugu zake. Kuna deni la mtamba, na nimeshaanza kulilipa kidogokidogo kwa pesa za vibarua. Jioni akikaa kwenye kigoda chake namuuliza kuhusu kila kipande cha shamba, kimoja baada ya kingine, naye ananijibu polepole. Naandika kwenye daftari.